Je, Yampasa Hakimu Kuwa Fundi?

Katika kila nchi yenye kupenda haki, hakimu huwekwa mahali pa heshima kubwa, kwa sababu watu wamemkabidhi jambo lililo zito kuliko mali zao, nalo ni kuamua nani anasema kweli. Zamani za wazee wetu, mashauri mengi yaliyomfikia mwamuzi yalikuwa ya mambo ambayo yeye mwenyewe aliyajua tangu utoto wake: mpaka wa shamba, mahari isiyotimizwa, ng'ombe aliyekula mtama wa jirani. Mwamuzi wa Usukumani aliyekata shauri la ng'ombe alikuwa yeye mwenyewe mfugaji. Hakuhitaji kufundishwa ng'ombe ni nini. Lakini zama zetu hizi zimeleta mashauri ya namna nyingine. Leo watu wawili husimama mbele ya hakimu wakigombania kiasi cha dhahabu kilichomo katika unga wa mawe usiong'aa, au nguvu ya mtetemo uliopita chini ya ardhi kwa sekunde chache, au hesabu zilizomo ndani ya kompyuta ambazo hakuna jicho lililoziona zikiandikwa. Hakimu huyu alisoma sheria. Hakusoma elimu ya madini, wala uhandisi, wala kompyuta. Basi swali ni hili: je, yampasa awe fundi wa mambo hayo ndipo aweze kuhukumu kwa haki? Na kama si fundi, je, hukumu yake ni haki, au ni kubahatisha tu?

Ndugu msomaji, usidhani kwamba swali hili ni la wanasheria peke yao. Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) amefundisha kwamba mahakimu wako namna tatu, na ni namna moja tu iliyoahidiwa Pepo, yaani yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Aliyeijua haki kisha akaiacha, ameangamia. Na aliyewahukumu watu kwa ujinga, naye ameangamia. Hebu mtazame vizuri huyu wa tatu. Hakutajwa kwamba alikula rushwa wala kwamba alimpendelea ndugu yake. Huenda hata hukumu yake ikaangukia, kwa bahati, kwa mwenye haki. Kosa lake ni kwamba alithubutu kukata shauri la watu bila ya kujua. Kwa hiyo ujinga wa hakimu si udhuru, bali ni hatia. Mtu aliyekalia kiti hicho hawezi kusema, "Mambo haya ni ya kitaalamu, mimi sikuyaelewa," kisha akajiona ametoka salama.

Ili tusizungumze hewani, na tuutazame ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, mpaka Geita, kusini ya Ziwa Viktoria. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Watu wa huko hawahitaji kukumbushwa habari ya makinikia. Makinikia ni unga wa mawe uliokwisha kuchenjuliwa kwa kiasi fulani, wenye shaba, fedha na dhahabu ndani yake, nao ulikuwa ukipelekwa nchi za nje kuyeyushwa. Mwezi Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kuutoa nchini, na makontena 277 yakazuiliwa. Rais John Magufuli aliunda kamati chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, mtaalamu wa elimu ya miamba. Mwezi Mei mwaka huo kamati ilieleza kwamba katika kila tani ya makinikia ilikuta dhahabu kwa wastani wa gramu 1,400 hivi, ilhali nyaraka za kusafirishia zilionyesha gramu 200 hivi. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikana matokeo hayo. Huyu anasema 200, yule anasema 1,400: tofauti ya mara saba katika unga ule ule!

Baada ya hapo yalifuata madai ya kodi ya dola bilioni 190 za Marekani, kisha mazungumzo marefu. Mwisho wake, kampuni ya Barrick, iliyoichukua Acacia yote mwaka 2019, ilikubali kulipa dola milioni 300, ikaundwa kampuni ya ubia iitwayo Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16, na mapatano yakatiwa sahihi mwezi Januari 2020. Kupatana ni jambo la kheri, wala sisemi neno la kuyalaumu mapatano hayo. Ninalotaka msomaji alitazame ni hili: katika muda wote huo wa karibu miaka mitatu, hakuna hukumu ya mahakama iliyotuambia kipimo kipi kilikuwa sahihi. Kwa hiyo kila mwananchi alijibu swali la gramu kwa kufuata moyo wake. Aliyewapenda watawala alisema 1,400. Aliyewashuku alisema 200. Mizani ikawa siasa. Hivi ndivyo mambo yanavyokuwa pale ambapo ugomvi wa vipimo haupati mwamuzi wa kuupima mbele ya watu wote.

Tena mwaka huo huo wa 2017 ilipitishwa Sheria Na. 5, inayohusu mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri wake wa asili. Miongoni mwa mambo iliyoyaelekeza ni kwamba mamlaka hayo yasijadiliwe katika mahakama za nchi za nje, bali migogoro juu ya utajiri huo iamuliwe na vyombo vilivyowekwa humu nchini. Wengi waliifurahia sheria hiyo, na furaha yao inaeleweka. Lakini anayedai haki ya kuhukumu amejitwika pia mzigo wa kujua. Ikiwa mashauri ya madini yataamuliwa Dar es Salaam, Mwanza au Shinyanga, basi hakimu wa huko ndiye atakayeulizwa, hapa duniani na kesho Akhera, kama alijua alichokuwa akikihukumu.

Sasa wako wasemao: dawa ni nyepesi, tuteue mahakimu walio mafundi. Shauri la madini apewe aliyesomea madini, na shauri la kompyuta apewe aliyesomea kompyuta. Hoja hii ina nguvu yake, na msomaji ataiona nguvu hiyo akitazama msiba uliowapata watu wa Uingereza. Shirika la posta la huko lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha kwamba fedha zimepungua katika posta ndogo ndogo, na wasimamizi wake wakashitakiwa kwa wizi na udanganyifu. Hadi mwaka 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Baadhi yao walifungwa, wengine walifilisika. Tangu mwaka 2000 sheria ya huko ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ionyeshwe kinyume chake. Lakini mwenye posta ndogo kijijini angeionyeshaje kasoro ya mashine ambayo hakuruhusiwa kuichungulia ndani? Ilikuwa mpaka Desemba 2019 ndipo Jaji Peter Fraser, baada ya kuwasikiliza wataalamu wa pande zote mbili kwa kirefu, alipoamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo katika hesabu. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwasafisha mamia waliobaki. Kwa muda wa miaka mingi mahakama nyingi zilihukumu, na mahakimu wake hawakuwa wala rushwa. Walikuwa watu wema ambao hawakuuliza.

Hata hivyo, ukiitazama habari hiyo kwa makini utaona kwamba haithibitishi hoja ya hakimu fundi. Jaji Fraser ni mwanasheria. Tofauti baina yake na waliomtangulia ni kwamba yeye aliitaka mashine itoe ushahidi kama shahidi mwingine yeyote, akaihoji kwa vinywa vya waliojua, wala hakuridhika na neno kwamba "kompyuta imesema".

Na upande wa pili uko mfano wa hakimu aliyekuwa na ufundi wake. Mwaka 2012 huko San Francisco, Marekani, Jaji William Alsup alisikiliza shauri la kampuni ya Oracle dhidi ya kampuni ya Google juu ya programu za kompyuta. Wakili alipodai kwamba mistari tisa ya programu iliyonakiliwa ilikuwa na thamani kubwa, jaji alimjibu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuandika programu, na kwamba mistari ya namna ile amekwisha kuiandika mara nyingi. Hapana shaka ujuzi wake ulimsaidia kuipima hoja ile kwa uzito wake. Lakini hukumu yake katika swali kubwa, yaani kama sheria ya hakimiliki inailinda sehemu fulani ya programu, ilitenguliwa na mahakama ya rufani mwaka 2014. Kisha mwaka 2021 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, kwa kura 6 dhidi ya 2, ikaipa Google ushindi kwa njia nyingine ya sheria. Tunajifunza nini? Kwamba ujuzi wa fundi hujibu swali la "kitu hiki ni nini na kinafanyaje kazi". Haujibu swali la "nani ana haki juu yake". Hayo ni maswali mawili, na anayedhani ni moja atapotea.

Tena iko hatari katika ufundi wa hakimu ambayo watu hawaioni upesi. Shahidi mtaalamu anaposema, wakili humhoji, mpinzani humpinga, na kosa lake laweza kufichuliwa. Lakini hakimu anayejitegemea katika ujuzi wake mwenyewe huwa shahidi aliyekaa kimya kitini, asiyekula kiapo wala kuhojiwa. Akikosea, ni nani atakayejua kosa lilipoingia? Tena elimu za ufundi hubadilika upesi. Aliyoyasoma mtu chuoni miaka ishirini iliyopita huenda leo yamekwisha kusahihishwa. Kinyozi hajinyoi, nasi hatupendi hakimu awe shahidi katika baraza lake mwenyewe.

Basi ikiwa ujinga ni hatia na ufundi si lazima, njia iko wapi? Kurani Tukufu imetuonyesha mlango wake pale inapowaelekeza wasiojua wawaulize wenye kujua, na pale inapomkataza mtu kulifuata jambo asilolijua. Makadhi wa Kiislamu walizitumia kanuni hizi tangu zamani. Kadhi hakudai kuwa mganga wala mfanyabiashara. Lilipokuja shauri la jeraha aliwaita waganga. La uzazi aliwaita wakunga. La thamani ya bidhaa aliwaita wafanyabiashara wa sokoni. Wajuzi hao walieleza, naye akahukumu. Waingereza nao, katika mashauri ya merikebu zilizogongana baharini, wamekuwa na desturi ya kuwaketisha mabaharia wazoefu karibu na jaji ili wamshauri juu ya mambo ya bahari. Na sisi Afrika Mashariki tumewajua wazee wa baraza walioketi pamoja na hakimu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 huruhusu maoni ya wataalamu kusikilizwa. Na mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo iliitilia nguvu kanuni kwamba mahakama haifungwi na maoni ya daktari ikiwa iko sababu njema ya kutoyafuata. Kwa hiyo mtaalamu huangaza, na hukumu hubaki mikononi mwa hakimu.

Huenda msomaji akauliza: "Lakini ikiwa hakimu si mjuzi, atajuaje ni mjuzi gani aliyesema kweli? Wataalamu wawili wakipingana, atawezaje kuchagua baina ya mambo asiyoyaelewa?" Hili ndilo fundo lenyewe la maneno yetu, nami nataka kulifungua kwa mfano.

Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa iliyo jirani na mgodi wa Geita wamelalamika kwamba nyumba zao zinapata nyufa kwa sababu ya baruti inayolipuliwa mgodini. Tuchukulie kwamba mama mmoja mwenye nyumba ya matofali ya udongo amefikisha lalamiko la namna hiyo mbele ya hakimu. Anakuja mtaalamu na kusema: "Mheshimiwa, tumeupima mtetemo, nao uko chini ya kiwango cha usalama kinachokubaliwa duniani. Nyufa hizi zimetokana na msingi mbovu." Hakimu anayeogopa maneno makubwa atayaandika hayo na kulifunga faili. Lakini hakimu anayemcha Mungu, ingawa hajui uhandisi hata kidogo, anaweza kuuliza maswali matatu.

Kwanza atauliza: ulipimaje? Nguvu ya mtetemo hupimwa kwa chombo kinachowekwa ardhini, na hutajwa kwa milimita kwa sekunde. Chombo kiliwekwa nyumbani kwa mama huyu, au karibu na ofisi za mgodi? Kilikaa hapo siku ngapi? Siku hizo ililipuliwa baruti ya kiasi cha kawaida, au ilipunguzwa? Kila mtu anaelewa maswali hayo, na kila mtu anaelewa pia maana ya kutojibiwa.

Pili atauliza: kiwango hicho kilipatikana wapi, na je, chafaa hapa? Mfano wake ni uchunguzi uliotolewa mwaka 1980 na idara ya migodi ya Marekani, ambao umenukuliwa sana katika kazi hizi. Kwa mitetemo ya mwendo wa polepole ulitaja kikomo cha milimita 19 kwa sekunde kwa nyumba za kisasa, na karibu milimita 13 kwa nyumba kuukuu zenye kuta za lipu. Lakini nyumba zilizochunguzwa zilikuwa za Marekani, zilizojengwa kwa namna ya Marekani. Yeyote anaweza kuuliza: je, zilikuwamo nyumba za matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua? Kama hazikuwamo, basi mtaalamu amepima vizuri, lakini ameazima kipimo cha nyumba nyingine. Kadhalika hakimu atamwuliza mama: nyufa hizi zilianza lini? Je, nyumba za mtaa wa mbali, zilizojengwa kwa udongo ule ule na msingi ule ule, nazo zina nyufa kama hizi? Maana huenda kweli msingi ni mbovu, na haki ya mgodi nayo ni haki.

Tatu atauliza: ni nani aliyekulipa, na ni jambo gani lingekufanya ukiri kwamba umekosea? Mtaalamu mkweli atajibu upesi: nikiona hili na hili, nitabadili maoni yangu. Mtaalamu aliyenunuliwa atasema kwamba hakuna litakalombadili. Hapo hata asiyejua uhandisi atakuwa amejua kitu.

Hata katika habari ya makinikia, mtu wa kawaida angeweza kuelewa sehemu kubwa ya mgogoro lau angeelezwa. Dhahabu ni nzito zaidi ya mara 19 kuliko maji, na chembe zake hazikai sawasawa ndani ya rundo. Mwenye kuchota juu na mwenye kuchota chini huenda wakapata majibu mbalimbali. Mwenye kupima unga ukiwa na maji na mwenye kuupima umekauka watapishana. Kwa hiyo swali la kwanza si "maabara ya nani ni kubwa", bali "sampuli ilichotwa vipi, na nani alikuwapo ilipochotwa". Wafanyabiashara wenyewe wa makinikia duniani wanalijua hilo. Desturi yao ni kuigawa sampuli moja mafungu kadhaa: fungu la muuzaji, fungu la mnunuzi, na fungu linalotiwa lakiri na kuwekwa akiba. Majibu ya wawili yakitofautiana kupita kiasi walichokubaliana, fungu la akiba hupelekwa kwa maabara ya tatu isiyo ya upande wowote. Ikiwa watafutao faida wamejiwekea uadilifu wa namna hiyo, je, mahakama zitafutazo haki ziwe nyuma yao?

Mahakama za Tanzania zimekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikabiliwa na swali kama karatasi zilizotolewa na kompyuta ya benki zinaweza kupokewa kama vitabu vya benki, ilhali sheria ya mwaka 1967 iliandikwa wakati ambapo vitabu vilikuwa vitabu vya karatasi. Alizikubali, bila ya kuidharau hatari yake. Bunge lilifuata mwaka 2007 kwa kuirekebisha sheria, na sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 ikamwekea hakimu maswali ya kuuliza: taarifa hii ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, ililindwaje isichezewe, na aliyeituma alitambuliwaje? Ona, ndugu msomaji, kwamba sheria hiyo haikumtaka hakimu ajue kuunda kompyuta. Ilimtaka ajue kuiuliza.

Lakini kuna jambo moja ambalo maswali ya hakimu peke yake hayawezi kulitengeneza, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipata kuwaonya waliogombana mbele yake kwamba huenda mmoja akawa mfasaha wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa yale aliyoyasikia, basi aliyepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo amepewa kipande cha moto. Ikiwa yeye, mbora wa viumbe, alitahadharisha hivyo juu ya ufasaha wa ulimi, tuseme nini leo juu ya ufasaha unaonunuliwa? Kampuni yenye mgodi inaweza kumleta mhandisi kutoka ng'ambo akiwa na mafaili na picha za rangi. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa, ambaye mwenye mtambo wa kuchenjulia amemwambia kwamba marudio yake hayakuwa na kitu, atamleta nani? Mama mwenye nyumba iliyopasuka atamleta nani? Akimleta fundi mwashi wa mtaani, watu watacheka. Na mtaalamu pekee aliyeko akiwa ni yule anayelipwa na mshitakiwa, basi kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, hata kama hakimu ni mwadilifu kama malaika.

Kwa hiyo naona kwamba wajibu umegawanyika. Dola inapaswa kuhakikisha kwamba mahakama ina wataalamu wake yenyewe, wanaolipwa na fedha ya umma na kuapa mbele ya mahakama, wawezao kutumwa Geita au Kahama kupima bila ya kutumwa na upande wowote. Hakimu anapaswa kuuliza bila kuona haya, kwani kuuliza si ujinga, na mficha uchi hazai. Wakili anapaswa kumwonyesha hakimu jambo lenyewe, asimtishe kwa istilahi. Na mtaalamu anapaswa kukumbuka kwamba yeye ni shahidi, na Kurani Tukufu imewaamrisha waumini kusimama na ushahidi wa haki ingawa ni dhidi ya nafsi zao au jamaa zao; basi seuze dhidi ya mwajiri.

Mtaalamu ana deni jingine tena. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mimi niandikaye haya ni mwalimu wa dini, nasomesha mbali na nchi hiyo, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba elimu ambayo huwezi kumweleza mama yako kwa lugha yake bado hujaipata yote. Naona kanuni hiyo yafaa pia mahakamani. Mtaalamu anayeweza kueleza kwa Kiswahili alivyochota sampuli, alivyoipima, na kiasi anachoweza kuwa amekosea, amemsaidia hakimu, na amewasaidia pia wote wawili waliosimama kizimbani kuielewa hukumu itakayowapata. Anayedai kwamba mambo yake hayaelezeki isipokuwa kwa wenzake ametaka aaminiwe bila ya kupimwa.

Basi jibu la swali letu ni hili. Hakimu si lazima awe fundi, lakini ni haramu kwake kuhukumu asichokielewa. Baina ya mambo hayo mawili ipo kazi ngumu ya kuuliza mpaka kuelewa, na kazi hiyo ndiyo uadilifu wenyewe wa hakimu katika zama hizi. Soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji alipata mahali pa kuuzia dhahabu yake kwa mizani inayohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mchimbaji huyo hajui chuma na nyaya zilizomo ndani ya mizani ile. Lakini anaruhusiwa kusimama mbele yake, kuiona ikianzia sifuri, kuisoma namba kwa macho yake, na kutaka ipimwe tena akishuku. Mwenye shauri mahakamani, awe kampuni kubwa au mjane wa mtaa wa pembeni, ana haki ya kupata walau hayo.

Mwenyezi Mungu awajaalie mahakimu wetu unyenyekevu wa kuuliza na ujasiri wa kuamua, awajaalie wajuzi wetu ukweli wa ndimi, na aziepushe nchi zetu na hukumu iliyotolewa gizani. Amin.